Mwita Hakuwa na Picha

Sanduku la bati la Bibi lilipofunguliwa, kilichotoka kwanza ni harufu ya ugoro. Ilinipiga puani kana kwamba mwenyewe ameinama kuniuliza nimekula nini, nikageuza uso haraka ili mama asinione. Ilikuwa siku ya tatu tangu tumzike, na katika siku hizo tatu mama alikuwa hajanisemesha zaidi ya "lete maji" na "sogea huko". Sitaficha sababu. Mimi ndiye niliyeandika wasifu wa marehemu uliosomwa pale kaburini, na kuna jina nililiruka kwa makusudi.

Ndani ya sanduku mlikuwa na vitenge viwili ambavyo hakuwahi kuvivaa, chupa ya ugoro, kadi ya kliniki ya mdogo wangu Marwa, na chini kabisa kipande cha kanga kilichokazwa fundo. Nikadhani ni shanga za ujana wake. Fundo lilikuwa limekaza hivi kwamba nililifungua kwa meno. Ikatoka CD moja isiyo na maandishi, na kikadi cha kijivu, kile cha kutunzia gemu. Juu ya kikadi kulikuwa na herufi B ya wino wa bluu. Niliichora mimi, nikiwa darasa la nne.

Nilikaa chini bila kutazama ninakalia nini. Miaka yote hiyo nimeamini memori kadi ile iliibwa na mtu niliyempenda kama kaka wa kuzaliwa naye. Nimemwita mwizi kwa mdomo huu, mbele za watu. Kumbe ilikuwa hapa, chini ya kitanda nilichokilalia kila likizo! Bibi hakujua kusoma. Hata rimoti aliiogopa, akisema ina macho. Alikuwa na shughuli gani na gemu?

Nyumbani kwetu Nyamwaga tulikuwa watu wanne: Bibi, mama, mimi, na Marwa aliyekuwa bado mtoto wa kubebwa mgongoni. Migomba nyuma, zizi mbele, na katikati sauti ya Bibi. Baba yetu aliitwa Mwita. Sikuwahi kumwona, lakini hilo halikunikosesha usingizi, kwa sababu alitajwa kila siku, na alitajwa kama mtu aliyetoka kidogo tu. "Ile ng'ombe ya baka ni ya Mwita, usiipige." "Toka kwenye hicho kiti, cha baba yako hicho." Mama alikuwa mke wa Mwita. Shuleni nilikuwa Bhoke Mwita. Mtu mwenye kiti, ng'ombe, mke na jina kwenye daftari la mahudhurio, mtoto atauliza vipi kama yupo?

Nilichokuwa nauliza ni yuko wapi, na jibu nilijipa mwenyewe. Kwetu walijaa wageni waliokuja kutafuta dhahabu: Wasukuma, watu wa Mbeya, watu wa Singida. Nikapiga hesabu zangu. Kama wa kwao wanakuja kuchimba kwetu, basi wa kwetu wamekwenda kuchimba kwao. Ni zamu, kama zamu za kuchota maji. Nikampeleka baba yangu Shinyanga, na huko akakaa.

Kwa hiyo alipokuja mpangaji kutoka Shinyanga, akapewa chumba cha karibu na zizi, sikumpa hata nafasi ya kutua begi.

"Shikamoo. Umemwacha baba mzima?"

Akacheka. Alidhani ndivyo Wakurya wanavyosalimia. "Mzima kabisa," akasema. "Anawasalimu."

Nilikimbia kumpelekea mama salamu. Mama alinitazama, akamtazama mpangaji, akaingia jikoni kukoroga ugali ambao ulikuwa umeshaiva.

Huyo ndiye kaka Kulwa. Alifanya kazi kwenye karasha, mashine ile ya kusaga mawe ya dhahabu, na alirudi na vumbi jeupe kwenye nyusi kama mzee aliyezeeka asubuhi hiyo. Alikuwa na vitu viwili ambavyo nyumba nyingine hazikuwa navyo: runinga ndogo yenye kisogo, na mashine ya gemu ya kijivu aliyouziwa na mfanyakazi mwenzake. Jumapili baada ya ibada watoto wa jirani walijazana chumbani mwake. CD za mpira, za ngumi na za magari ziligombewa. Moja haikuguswa.

"Hiyo haina gemu ndani," Kulwa alisema. "Hiyo ni ya kutengeneza gemu yako mwenyewe. Unahangaika nayo weee, halafu ndo unacheza."

Watoto wakaguna. Nani atoke shamba la mahindi aje alime tena kwenye runinga? Mimi nikasema naitaka. Nilikuwa mtoto wa kupenda kile ambacho wenzangu wamekikataa, na mpaka leo sijapona.

Ukiiweka ile CD, unapewa uwanja mtupu wa kijani uliokatwa vimraba kama daftari la hesabu. Kimraba hiki unaweka nyasi, hiki njia, hiki maji, hiki ukuta. Nchi ikikamilika unaweka watu. Kila mtu unamchagulia picha kutoka kwenye orodha, unampa jina, kisha unamwandikia maneno atakayosema akiguswa. Maneno yenyewe unayaandika kwa pedi, kile kishikio chenye vitufe, herufi moja baada ya nyingine, mpaka kidole gumba kinaota sugu. Kila kitu kilikuwa kwa Kiingereza. Kulwa, aliyemaliza kidato cha nne, alinitafsiria mwanzoni. Baadaye nikawa nimekariri, kama mtu anavyojua njia ya kisimani gizani.

Nikaijenga Nyamwaga. Migomba haikuwepo kwenye orodha, nikaweka miti yenye umbo la mkia wa jogoo. Ng'ombe hawakuwepo. Kulikuwa na farasi, nikajaza zizi letu farasi. Watu wote walikuwa na nywele za rangi ya ugali wa mahindi mabichi, na nusu yao walishika mapanga. Mwenyekiti wa kitongoji nilimvalisha taji. Mama alikuwa binti mfalme mwenye gauni la kuburuza, na ukimgusa alisema: "Bhoke, umechota maji?" Mwanamke mzee alikuwepo mmoja tu, mchawi mwenye kofia ndefu iliyochongoka. Mungu anisamehe, nilimweka huyohuyo kuwa Bibi. Nikamsimamisha nje ya jiko. Neno lake lilikuwa moja: "Umekula?"

Na gemu yenyewe ilihusu nini? Nilidhani umeshajua. Msichana anatoka Nyamwaga kumfuata baba yake machimboni, anapita misitu na majoka, anamleta nyumbani. Akifika, baba atakuwa ameketi kwenye kiti chake. Hapo ndipo nilipokwama, maana nilitakiwa kumchagulia picha, na sikujua anafananaje.

Nikaenda kwa mama. "Kamuulize bibi yako," akasema, na hakuinua macho kutoka kwenye ungo.

Bibi alikuwa amekaa kwenye mkeka akipukuchua mahindi. Tuliongea Kikurya, kama siku zote.

"Bibi, Mwita anafananaje?"

Mikono yake ikasimama. Punje mbili zikadondoka nje ya mkeka na hakuzifuata, yeye ambaye alimfukuza kuku kwa ajili ya punje moja.

"Kwa nini unauliza?"

"Nataka kumweka kwenye gemu."

Alitoa chupa, akavuta ugoro, akairudisha kwenye pindo la kanga. Nilidhani amenisahau. Kisha akaanza taratibu, kama mtu anayetoa vitu sandukuni. "Mrefu. Ila mlangoni anainama mwenyewe, hagongi kichwa. Mweusi. Ana mwanya. Maneno yake machache. Akicheka anafunika mdomo kwa mkono." Akafikiri tena. "Na akirudi kutoka safari, anaanza kwangu kwanza kunisalimia, ndipo aende kwa mke wake."

Nilitoka pale nimejaa furaha. Nilipomtafuta kwenye orodha hakuwepo. Wote walikuwa wa njano, na hakuna aliyekuwa na mwanya. Lakini mashine ile ilikuwa na njia: mtu aliweza kuwekwa bila picha. Anachukua kimraba chake, ana jina, ana maneno, ila haonekani. Nikamweka hivyo kwenye kiti, nimpe sura siku nitakayoipata. Nikamwandikia: "Karibu mwanangu. Nimerudi."

Jumapili iliyofuata nikawaita watoto waje kucheza gemu yangu. Wankuru, binti wa jirani aliyenizidi mwaka mmoja na majivuno mia, ndiye aliyenyakua pedi. Walicheka farasi, wakacheka taji la mwenyekiti, wakacheka kofia ya Bibi mpaka wengine wakalala chini. Nilivumilia. Wankuru akapita msitu, akaua majoka, akaingia nyumbani kwetu na kukielekea kiti kilichokuwa kitupu. Akagonga kitu kisichoonekana. Maneno yakatokea: "Karibu mwanangu. Nimerudi."

Watoto wakaruka. "Jini!"

"Si jini," nikasema. "Ni baba. Hajapata picha bado."

Wankuru alicheka mpaka pedi ikamponyoka. "Basi umemuweka sawasawa! Kwani hata huku nje si hana picha?"

"Yuko Shinyanga."

"Shinyanga gani? Wewe Bhoke, kwani hujui? Hakuna Mwita. Hajawahi kuwepo. Bibi yako alizaa wasichana watupu, ndo akachukua ng'ombe za mahari ya binti zake akaoa mama yako. Kwenu ni nyumba ntobhu. Kila mtu anajua."

Masikio yakaziba. Nakumbuka midomo ya Wankuru ikiendelea kwenda bila sauti. Nikatazama wale watoto wengine mmoja mmoja, nikisubiri mmoja wao ashtuke pamoja nami. Hakuna aliyeshtuka. Mmoja alikuwa anakula karanga. Hapo ndipo nilipoamini. Mle chumbani tulioachama midomo tulikuwa wawili tu, mimi na Kulwa, na Kulwa alikuwa mgeni kutoka mbali.

Kwa asiyetoka kwetu nieleze. Mwanamke aliyekosa mtoto wa kiume anaweza kutoa ng'ombe akaoa mwanamke mwenzake, ili nyumba yake isizimike. Wengine huoa kwa jina lao. Bibi alioa kwa jina la mtoto ambaye angemzaa. Alimtungia jina, Mwita, akamwolea mke, akampa ng'ombe na kiti. Watoto wa mke huyo ni watoto wa Mwita, hakuna mjadala. Najua unataka kuuliza ni nani basi aliyetuzaa. Usiulize. Kwetu swali hilo halina adabu, na mimi mwenyewe nilipokuwa na umri wa kuliuliza sikuwa tena na hamu ya jibu.

Lakini siku ile nilikuwa na miaka kumi na nilikuwa nimeibiwa baba. Nilimkuta Bibi uani, mama akipepeta karibu naye.

"Mwita yuko Shinyanga?"

"Nani kasema Shinyanga?"

"Yuko wapi?"

Bibi alimtazama mama. Mama aliendelea kupepeta, na ungo ulikuwa mtupu.

"Yuko hapa," Bibi akasema.

"Wapi?"

"Hapa. Ng'ombe zake si hizo? Wewe si upo? Marwa si yupo?"

"Ulimzaa?"

Kuku walikuwa wakiparua majivu. Niliwasikia vizuri kabisa.

"Hapana," Bibi akasema. "Nilimngoja tu."

Nikamwambia ni mwongo. Nilimwita bibi yangu mwongo, usoni! Mama aliinuka na ungo mkononi, na ningekula kipigo nisichosahau, ila Bibi alinyoosha mkono kumzuia. Badala ya kuona haya nikaona nimepata nguvu. Nikakimbia chumbani kwa Kulwa, watoto walikuwa wameshatawanyika, nikashika pedi, nikaenda kwenye kile kimraba. Mashine iliniuliza kama nina uhakika. Nikabonyeza ndiyo. Nikarudi uani nikasimama mbele ya Bibi.

"Nimemfuta. Sasa hayupo popote."

Chupa ya ugoro ilimwanguka. Unga ule mweusi ukamwagika miguuni kwake, upepo ukaanza kuuchukua, na hakuinama kuuokota. Alikuwa ameachama. Tangu hapo nimeona watu wakipokea habari za msiba, nimewahi hata kuzipeleka mwenyewe, na sijaona uso kama ule. Nilitaka ashtuke kama nilivyoshtuka mimi. Nilipouona mshtuko wenyewe nikatamani kuukimbia.

Siku mbili Bibi hakula. Siku ya tatu mama aliniketisha jikoni. Hakunipiga. Alisema, "Bibi yako amefiwa na mtoto, na aliyemuua ni wewe," kisha akanikabidhi chungu nikisugue.

Mchana wa siku hiyo Kulwa alikuwa hana zamu kazini. Bibi alijifunga kanga safi, akavuka uwanja hadi mlangoni kwa mpangaji. Hakuwahi kufika hapo. Mwenye nyumba mwenye heshima zake haingii chumba cha kijana. Kiswahili chake kilikuwa kile cha mnadani.

"Mura, wewe kijana, leta mtoto yangu nione."

"Shikamoo, bibi. Mtoto gani?"

"Mwita. Hii toto imefuta yeye. Rudisha."

Kulwa alinitazama nilivyojibanza zizini. Angeweza kucheka. Wengi wangecheka, na nadhani ningemchukia mpaka leo. Akaleta kigoda, akakifuta vumbi kwa mkono, akakiweka mbele ya runinga.

"Kaa hapa, bibi. Ila mimi siwezi kumrudisha. Fundi wake ni huyu hapa."

Sikuwahi kuitwa fundi. Nikaingia kichwa chini, nikakaa sakafuni kati ya miguu ya Bibi, ugoro ukinifikia puani, nikawasha.

"Hawa punda ni wa nani?" Bibi akauliza kwa Kikurya.

"Ni ng'ombe wetu, Bibi."

"Hm." Akawatazama sana. "Wamenenepa."

Tukaanza kutafuta picha. Nilimwonyesha mmoja mmoja. Huyu ana panga, hapana, tutaanza ugomvi na majirani. Huyu nywele kama kitambi cha taa, hapana. Huyu anatazama watu sana. Tulipomfikia mkulima mmoja aliyevaa kofia pana, kichwa kimeinama hata uso hauonekani, Bibi alinishika bega.

"Huyu. Si unaona anainama?"

Nikamweka nje ya ua wetu. Nikaandika kwamba mtu akiingia uani, naye aingie, amfuate mama yake, aseme. Ilichukua muda, na Bibi hakusogea. Nilipomaliza nikabonyeza. Yule mtu akavuka uwanja wetu kwa hatua ndogo, akawapita farasi, akampita mama yangu na gauni lake bila kumsalimia, akamwendea kwanza mwanamke mwenye kofia ndefu. Maneno yakatokea. Bibi hakujua kusoma, kwa hiyo nilimsomea.

"Shikamoo mama. Nimerudi."

Nyuma yangu nikasikia sauti niliyokuwa sijawahi kuisikia, sauti ya mwanamke kijana, imetoka ndani ya yule mzee.

"Marahaba, mwanangu. Umechelewa."

Kulwa aligeukia ukuta akajifanya anatafuta shati. Bibi akasema nimrudishe tena na tena aingie, nikamrudisha, na mara zote tatu aliitikia. Kisha aliinuka, akajikung'uta, akaenda jikoni. Tulimsikia akimwambia mama, "Mumeo amefika, songa ugali." Mama alisonga. Usiku huo nilikula mpaka tumbo likauma, na hakuna aliyeniambia samahani wala mimi sikumwambia mtu.

Haikupita muda mrefu Kulwa akahama. Kazi ya karasha ilikuwa imesimama, akafuata machimbo mengine. Aliondoka nikiwa shule. Nilikuta chumba kimefagiwa, mashine haipo, CD haipo, kadi yenye herufi yangu haipo. Nililia hadi nikatapika. Nikatangaza kisimani kwamba Msukuma ameiba, na Bibi, aliyekuwa amesimama karibu na ndoo yake, akajitwika akaondoka.

Nikakua. Nikasoma, nikawa mwalimu Mwanza, nikawa mtu wa kupenda mambo yenye ushahidi. Bibi alipofariki nikapewa kuandika wasifu kwa kuwa mimi ndiye mwenye kalamu. Nilikaa na karatasi, nikafika kwenye watoto. Nikaandika: "Marehemu ameacha watoto wawili wa kike." Nilijiambia kaburini hapasemwi uongo. Msomaji alipofika hapo, sauti ya mama ikatoka chini ya turubai, wazi kabisa: "Na Mwita?" Watu wakageuka. Msomaji akatazama karatasi yangu, hakuona jina hilo, akaendelea.

Sasa mama alikuwa amesimama mlangoni, ananitazama na ile CD mapajani kwangu. Kwa mara ya kwanza baada ya siku tatu akanisemesha.

"Alipewa na Kulwa. Bibi yako alimwomba asiondoke na mtoto wake. Akatoa mbuzi, akasema mtoto hachukuliwi bure. Siku ile ya mwisho walishinda chumbani mwa Kulwa mchana kutwa, wewe uko shule. Walichofanya sikijui."

"Mbona hakuniambia? Mlinisikia nikimwita mwizi!"

"Alikuogopa," mama akasema. "Alisema wewe ndiye uliyejifunza kufuta."

Marwa ni fundi simu Sirari, na kwenye lundo la vyuma vyake mashine kama ile haikosekani. Alifika kesho yake mchana akiwa nayo kwenye mfuko wa rambo. "Dada, hii kitu ni ya kitambo sana, isiposoma usinilaumu," akasema, akaisugua CD kwa dawa ya meno kama tulivyofundishwa na Kulwa. Mara mbili mashine ilikataa. Ya tatu ikakubali. Mama alivuta kigoda, akaketi.

Nyamwaga yangu ikatokea. Udogo wake ulinishtua. Farasi walikuwa zizini. Mama alimwona yule binti mfalme, akauliza ni nani, nikamwambia ni yeye, akaguna. Nikatembea hadi jikoni kumtafuta Bibi na kofia yake, anisalimie. Hakuwepo. Mahali pake palikuwa na nyasi tupu, na mimi sikuwa nimeziweka.

Nikaingia ndani ya nyumba. Mwita alikuwa kwenye kiti chake, amemaliza safari, kofia pana, kichwa kimeinama. Na pembeni yake, karibu kabisa, kimraba kwa kimraba, alikuwa Bibi. Kuna mtu aliwahamisha wote wawili. Nikamgusa Bibi, nikitegemea aniulize kama nimekula. Herufi zikaanza kutoka, moja moja, kwa mwendo wa mtu asiyeujua Kikurya akiandika maneno ya mtu asiyejua kusoma.

Nilizisoma mara mbili kimoyomoyo. Marwa alikuwa ameshika kichwa kwa mikono miwili.

"Anasema nini?" mama akauliza. Yeye pia hajui kusoma. "Bhoke, nisomee. Mama anasema nini?"

Nikamsomea.

"Bhoke, usimfute tena."

Mama aliinuka kwenye kigoda. Akainamisha kichwa mbele ya runinga, mikono mbele, kama mkamwana anavyosimama mbele ya mama mkwe wake.

"Hatamfuta, mama," akasema.